Kwa nini makongamano ya anime yamekolea Nairobi, na sisi Dar tunayatazama kwenye simu?

#1 Shaba_Nyekundu (Dar)
Wakuu, salaam.

Naleta hoja, naomba tuijadili kwa kina. Nairobi wana NAICCON, wana Otamatsuri. Ukumbi unafurika watu waliovaa kama wahusika wa anime, yaani katuni za Kijapani, wa filamu za anga za mbali, wa michezo ya video. Nimekwenda kushuhudia mwenyewe. Mavazi yanavutia, sikatai, lakini kilichonishika ni meza za wachoraji. Dada mmoja alikuwa anauza kitabu chembamba cha katuni, kisa cha rubani anayesafirisha maji kutoka mwezini. Kachora mwenyewe, kachapisha mwenyewe, kakibana pini mwenyewe. Waliosoma toleo lililotangulia walirudi kumdai: kwa nini umemuua kaka yake rubani? Walibishana naye utadhani marehemu ni wa ukoo wao.

Sensa ya 2022 ilihesabu Dar zaidi ya watu milioni 5. Wapenzi wa anime wapo tele, panda daladala ya Mbagala asubuhi utaona begi la shule limebandikwa Naruto. Sasa mbona hatukusanyiki kwa namna ile?

Dai langu: hatukosi fedha wala ukumbi. Tunakosa watu wanaochora na kuchapa vya kwao. Watu wakija kupiga picha tu, mwaka wa pili hawarudi.

#2 KijanaWaMbezi
Nimeweka mkeka. Wajuvi njooni.

#3 MamaPwagu
Mkuu #1, usiseme hatukosi fedha kwa sababu wewe ulikuwa mgeni, hukuandaa. Mimi naandaa shughuli, harusi na uzinduzi wa bidhaa. Ukumbi unataka malipo ya awali. Vibali, kuanzia Baraza la Sanaa, BASATA. Walinzi, mafundi wa sauti, bima, jenereta. Halafu mteja wako ni mwanafunzi anayeishi kwa hela ya nauli. Harusi ina kamati na michango, kwa hiyo inafanyika hata kwa maskini. Hilo kongamano lako nani analichangia? Jibu swali hilo kwanza.

#4 Otieno_Umoja (Nairobi)
Salamu kutoka Nairobi. MamaPwagu ana pointi, lakini pia huku hakuna mtu aliyeamka siku moja akakodi ukumbi mkubwa. Kulikuwa na vikundi vidogo tu: wanafunzi wa chuo wanaotazama anime bwenini, wachezaji wa gemu waliokutana kwenye mashindano ya mtaani, wengine wanaosoma Kijapani. Vikundi vikajuana mtandaoni, ndipo mtu akasema tukutane mahali pamoja. Halafu sisi tuna majengo ya maduka yenye kumbi ndani, mzazi anamwacha mtoto pale bila wasiwasi huku yeye ananunua unga. Hilo la mzazi msilipuuze. Kongamano likiwa mahali mzazi anapapajua, nusu ya vita imeisha.

#5 BabuKatuni (Morogoro)
#1 nakupinga hapo penye "tunakosa watu wanaochora". Kijana, umri wako unakusemea.

Chakubanga wa Christian Gregory alikuwa kwenye gazeti la Uhuru tangu miaka ya 1960, watu walifungua gazeti kumtafuta yeye kabla ya habari za siasa. Kisha likaja jarida la Sani. Jina lenyewe ni vipande vya majina ya waanzilishi wawili, Said Bawji na Nico ye Mbajo. Humo ndimo walimoishi Lodi Lofa, Ndumilakuwili, Pimbi na Madenge. Jarida moja lilikuwa linasomwa na kijiwe kizima mpaka linabaki uzi na pini. Baadaye James Gayo akatupa Kingo.

Kwa hiyo kuchora tulichora. Wasomaji tulikuwa nao mikoa yote, na bila simu. Ukitaka kujua tulipokwama, tafuta sababu nyingine.

#6 Otieno_Umoja
Babu shikamoo. Na sisi tulikuwa na Juha Kalulu wa Edward Gitau kwenye Taifa Leo, na Frank Odoi, Mghana aliyeishi Nairobi, alichora Akokhan, mashujaa wenye nguvu za ajabu kabisa za Kiafrika. Halafu 2010 likaja Shujaaz, kitabu cha bure ndani ya gazeti. Vijana wengi huku walishika katuni mkononi kwa mara ya kwanza kupitia hilo.

#7 Shaba_Nyekundu
Babu, shikamoo. Lakini umenipa nguvu zaidi. Sani ilichorwa na watu wachache, ikasomwa na maelfu. Ninachokisema ni msomaji naye achore. Je, zama zenu msomaji alitoa kijarida chake?

#8 Mzigua_Japani
Nimepita, nikaona Shaba ananisemea moyoni. Nipo Japani kimasomo, na nimeingia Comiket. Naomba nieleze maana wengi wanadhani ni gwaride la mavazi.

Comiket ni soko. Hufanyika mara mbili kwa mwaka, Agosti na mwishoni mwa Desemba, kwenye jengo la Tokyo Big Sight. Walianza tarehe 21 Desemba 1975 wakiwa vikundi 32 na watu kama 700, wengi wao wasichana wa shule. Desemba 2019 kwa siku nne waliingia watu 750,000. Kinachouzwa ni dojinshi, yaani vitabu ambavyo kikundi kimechora na kuchapa kwa mfuko wake. Unaomba meza miezi mingi kabla, na wanachagua kwa bahati nasibu kwa sababu waombaji ni wengi kuliko meza. Kundi la CLAMP, akina dada waliotengeneza Cardcaptor Sakura, walianzia kwenye dojinshi miaka ya 1980.

Jambo lililonigusa ni msimamo wao kwamba pale hakuna mteja. Mchoraji ni mshiriki, anayenunua ni mshiriki, anayepanga foleni ni mshiriki, na wasimamizi ni watu waliojitolea. Siku ikiisha inatangazwa kwenye vipaza sauti, na ukumbi mzima unapiga makofi. Niliwapigia makofi watu ambao sijui hata majina yao.

Ushauri kwa atakayekwenda Agosti: maji, kofia, taulo dogo la jasho, na fedha ndogondogo. Vitabu vingi ni yeni 500 au 1,000. Ukimpa mchoraji noti ya 10,000 mapema asubuhi, chenji yake yote umeimaliza na foleni nyuma yako inakutazama.

#9 KijanaWaMbezi
Watu 750,000? Hao ni karibu mkoa. Na unatoka nyumbani umeshavaa upanga mgongoni?

#10 Mzigua_Japani
Hapana. Comiket hairuhusu kuja wala kuondoka ukiwa umevaa kosplei, yaani vazi la mhusika. Unabeba nguo kwenye begi, unalipia chumba cha kubadilishia, unavaa mle, unapigwa picha kwenye maeneo yaliyotengwa. Na mpiga picha anaomba kwanza. Anayepiga kwa kuvizia anaondolewa.

#11 Mlamali_Muscat
Assalamu alaykum. Huku Ghuba kuna Middle East Film and Comic Con. Ilianza Dubai 2012, na tangu 2022 iko Abu Dhabi. Sisi wa Muscat tunajikusanya gari mbilitatu, tunavuka mpaka. Wapo Waomani, Wahindi, Wafilipino, na sisi tunaoongea Kiswahili nyumbani. Mavazi yana masharti ya heshima na hakuna anayelalamika, watu wanabuni ndani ya masharti hayohayo. Kwa hiyo wale watakaosema humu kwamba Dar inazuiwa na dini, nawaambia mapema: hapana.

#12 BintiForodhani (Unguja)
Wa alaykum salaam, kaka Mlamali. Mimi navaa hijabu na nafanya kosplei. Mhusika mwenye nywele za bluu, hijabu yangu inakuwa ya bluu, naikunja kwa mikunjo inayofuata mtindo wa nywele zake. Koti na gauni nashonesha kwa fundi, nampelekea picha, ananiuliza "hii sare ya shule gani?" Anashona vizuri kuliko za kuagiza. Dini kweli haijanizuia, kilichonizuia ni watu wa kukaa nao. Kuvaa peke yako chumbani na kupiga picha, mara moja mbili raha inakwisha.

#13 MamaWawili_Tabata
Samahani wanangu, naomba msaada. Kijana wangu kidato cha nne ananiomba hela ya kutengeneza mapembe na mkia. Anasema ni mhusika wa katuni ya Kijapani. Jirani ameona michoro yake, ameanza kuniletea maneno ya ushirikina. Hii michezo ni salama?

#14 Fundi_Sponji (Arusha)
Mama, shikamoo. Mapembe hayo ni sponji na rangi, hakuna jingine. Mwambie akutazamishe sehemu moja ya hiyo katuni, mkae wote. Ukishamjua huyo mhusika ana huruma au ana hasira, utamwelewa na mwanao.

Na kwa kuwa mada imefika kwenye kazi yangu, niwape mambo ya mikono. Siri ya kosplei ya huku kwetu ni sponji ngumu, ile ya mikeka ya mazoezi au soli za ndala. Chora kwanza kwenye karatasi ya gazeti, jipime mwilini, ndipo ukate. Kisu kiwe kikali kila wakati, kikiwa butu kinanyofoa sponji na ukingo unakuwa kama umetafunwa na panya. Ukitaka ipinde, ipashe moto kwa mashine ya kukaushia nywele ya saluni, ikunje kwenye goti au chungu, ishikilie mpaka ipoe. Gundi ni ileile ya fundi viatu: paka pande zote mbili, subiri zikauke kidogo, ndipo ubandike. Fanya nje, hewa ipite, maana harufu yake si ya kuvuta. Kabla ya rangi ya kupuliza, paka gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji kidogo, tabaka kadhaa, la sivyo sponji inakunywa rangi yote.

Wigi usinunue ghali. Nunua la mitumba, lipige mvuke, lichane taratibu kuanzia nchani.

#15 MamaWawili_Tabata
Marahaba mwanangu. Nimekuelewa, asante. Huyo jirani nitamwalika naye atazame.

#16 Profesa_wa_Kijiwe
Turudi kwenye hoja, maana #1 na #8 wanataka kutuaminisha kwamba meza ilitangulia na vazi likafuata. Kongamano la kwanza la dunia la saifai, yaani hadithi za kubuni za kisayansi, Worldcon, lilikuwa New York Julai 1939, watu kama 200. Humohumo aliingia Forrest J Ackerman kutoka Los Angeles amevaa vazi la watu wa wakati ujao, na mwenzake Myrtle Douglas, aliyejulikana kama Morojo, naye amevaa. Morojo ndiye aliyeshona mavazi yote mawili. Kwa hiyo vazi liko tangu siku ya kwanza. Wengi humtaja Ackerman na kumsahau aliyeshika sindano, nami naona si haki.

Japani waliliita kosplei miaka ya 1980, lakini kuvaa kwenyewe ni kongwe.

#17 Shaba_Nyekundu
Profesa, waliovaa ni wawili. Wale wengine karibu 200 walifuata nini?

#18 Profesa_wa_Kijiwe
Swali zuri. Walifuatana wao kwa wao. Jarida la Amazing Stories lililoanzishwa na Hugo Gernsback 1926 lilichapisha barua za wasomaji pamoja na anwani zao. Msomaji akiona barua ya mwenzake wa mji wa jirani, anamwandikia. Wakaanzisha klabu, wakatoa vijarida vyao vya kudurufu, wakakutana. Chanzo ni anwani. Mchoro na vazi vyote vilikuja baada ya watu kujuana.

#19 BabuKatuni
Hapo Profesa umenikumbusha jambo. Watuma salamu wa redio! Walinunua kadi, wakaandika salamu, wakasomwa majina yao hewani pamoja na majina ya utani waliyojipa. Mtu wa Kigoma anamjua mtu wa Lindi kwa sauti ya mtangazaji tu. Wakaanzisha vyama, wakashona sare, wakawa wanasafiri kwenda kutembeleana, wanazikana, wanachangiana harusi. Sasa niambie, hilo si kongamano la mashabiki? Sare wanavaa, majina ya kubuni wanayo, wanasafiri kwa nauli zao. MamaPwagu aliuliza nani atachangia. Wale walichangiana wenyewe.

#20 Otieno_Umoja
Babu, hata KBC huku walikuwepo. Jirani yetu aliitwa hewani kwa jina refu kuliko anwani yake. Umeigusa haswa.

#21 MamaPwagu
Watuma salamu walikutana chini ya mwembe na sufuria la pilau. Hawakuhitaji projekta wala skrini. Msilinganishe.

#22 Chelewa_Chelewa
Mimi naona mnapita mbali. Ni lugha. Anime inakuja na maandishi ya Kiingereza chini. Nairobi kijana anayasoma haraka. Huku uswahilini tulikulia kwenye kibanda umiza cha kuoneshea video, filamu ina sauti ya mtafsiri Lufufu juu yake anakueleza nani steringi na nani adui. Tulipenda vilevile, tena sana, lakini mpenzi wa kibanda umiza anakaa benchi na wenzake thelathini, anatazama, anashangilia, anarudi nyumbani. Hakuna anayemwambia kuna jukwaa la mashabiki, kuna majina ya wachoraji, kuna studio. Anaijua hadithi, haijui fani.

#23 Mlamali_Muscat
#22, benchi la watu thelathini wanaoshangilia pamoja mbona ndilo kongamano lenyewe! Wape mapumziko ya nusu saa wabishane nani angempiga nani.

#24 Chelewa_Chelewa
Walibishana, tena mpaka mwenye kibanda anazima jenereta. Ila hawakulipia tena kubishana.

#25 Mwana_Kivu (Bukavu)
Jambo kwenu wote ba ndugu. Na Kongo hatujalala. Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani, amechora vitabu vya katuni vinavyosomwa mpaka Ulaya. Tatizo letu huku ni barabara na vita. Kutoka Bukavu kwenda Kinshasa kwenye mkutano wa wachoraji ni ndege, bei yake unaweza kuchapa vitabu vya mwaka mzima. Nairobi inashinda kwa sababu njia zote zinafika Nairobi. Ndege ya Addis iko, basi la Kampala liko, basi la Arusha liko.

#26 Fundi_Sponji
#25 kasema kweli, sisi Arusha Nairobi ni karibu kuliko Dar. Basi dogo la asubuhi, Namanga, mchana umefika. Ndiyo maana mimi kazi zangu huwapelekea wa huko.

Kwa wanaokwenda: pasi ya kusafiria au hati ya dharura, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Msibebe bunduki ya bandia inayofanana na ya kweli kupita mpakani. Nasema kwa msisitizo. Upanga wa sponji ukaguliwe, uoneshe unavyopinda, wanacheka wanakurudishia. Bunduki nyeusi ya plastiki si ya kuelezea. Ipakeni rangi kali, au itengenezeeni hukohuko. Hata ukumbini makongamano mengi hukagua silaha mlangoni, chuma hakiingii.

#27 BintiForodhani
Mnazungumzia za Wajapani na Wamarekani tu. Kizazi Moto mmeiona? Filamu fupi 10 za katuni, Disney+ walizitoa Julai 2023, jina la Kiswahili, mambo ya wakati ujao ya Afrika tupu. Enkai imeongozwa na Ng'endo Mukii wa Kenya, Herderboy na Raymond Malinga wa Uganda. Wachunga ng'ombe wenye mitambo mwilini! Hiyo ndiyo ninayotaka kuvaa safari ijayo. Shuka tunalo, shanga tunazo, fimbo ipo. Fundi, mkono wa chuma unaweza?

#28 Fundi_Sponji
Naweza. Niletee kipimo cha mkono kuanzia kwapani hadi kwenye kifundo, na useme utakunja kiwiko au hutakunja. Kiwiko ndicho chenye kazi.

#29 Profesa_wa_Kijiwe
Tukumbuke Worldcon yenyewe ilifika Asia kwa mara ya kwanza 2007, Yokohama. Miaka karibu 70 tangu New York! Afrika haijakanyaga bado. Kwa hiyo Dar isijione iko peke yake nyuma. Hayo makongamano hufuata watu wenye klabu, viza rahisi na hoteli, na wanaopiga kura ya mahali pa kwenda ni wanachama wenyewe, wengi wao wa Marekani na Ulaya.

#30 Mzigua_Japani
Comiket haikusubiri Worldcon ije Japani, Profesa. Ilikuwa na karibu miaka 32 tayari.

#31 KijanaWaMbezi
Dar nimewahi kuona vijana wachache wamekutana ufukweni Coco wamevaa makoti meusi yenye mawingu mekundu, jua la saa saba. Nilidhani ni kwaya.

#32 BintiForodhani
😂 Kwaya ya Akatsuki, lile kundi la kwenye Naruto. Lakini mkuu hao ndio wa kuwatafuta. Una namba ya hata mmoja?

#33 BabuKatuni
Na mimi natoa ombi. Mkikutana, mtu mmoja aje amevaa Lodi Lofa. Mwingine Chakubanga. Watoto wamuulize "wewe ni nani?", awaeleze. Nina nakala za Sani kwenye sanduku, baadhi zimeliwa na mchwa pembeni ila michoro mizima. Naweza kuzileta zitazamwe juu ya meza, si za kuuza.

#34 Shaba_Nyekundu
Babu, meza yako iwe ya kwanza mlangoni. Hata #19 ulinigusa, ingawa bado naamini anayetuma salamu alikuwa anatengeneza kitu chake: kadi ile aliiandika mwenyewe.

#35 Profesa_wa_Kijiwe
Unaivuta kwako kila hoja. Kadi ni anwani, mkuu. Anwani!

#36 MamaPwagu
Mmefika ukurasa wa pili na swali langu la #3 liko palepale. Umeme ukikatika saa nane mchana, dizeli ya jenereta inatoka kwa anwani au kwa mchoro?

#37 Otieno_Umoja
MamaPwagu, anzeni mchana, penye madirisha makubwa, bila skrini. Meza na viti tu. Maktaba, au ukumbi wa shule wakati wa likizo. Wachoraji walipie meza kiasi kidogo, hela hiyo ilipe usafi na mlinzi.

#38 MamaPwagu
Ukumbi wa shule likizo ya Desemba naujua mmoja, Ilala, na mkuu wake nimemfanyia harusi ya binti. Nitamuuliza bei kwanza. Sijasema nimekubaliana na ninyi.

#39 Chelewa_Chelewa
Akiuliza ni kitu gani, mwambie nini? "Kongamano la anime" hatalielewa.

#40 MamaPwagu
Nitamwambia maonesho ya vitabu vya katuni. Kina Sani anawajua, ni wa umri wa Babu. Hao wa mapembe nitawaeleza baada ya kupata risiti.

#41 MamaWawili_Tabata
Mwanangu amesoma hapa, anauliza kama mwanafunzi anaweza kupata meza. Ana michoro yake, kurasa kama ishirini, haijachapwa.

#42 Shaba_Nyekundu
Mama, mwambie atume inboksi kurasa tatu za mwanzo, zilizo safi, wino mweusi. Gharama ya kudurufu nakala zake za kwanza tutachangiana hapa. Otieno, ile karatasi mnayotumia Nairobi ni ya gramu ngapi?

#43 Otieno_Umoja
Ndani 80, jalada 200. Mkunje A4 katikati, mpate A5, idadi ya kurasa igawanyike kwa nne. Mwambie kijana aongeze au apunguze kulingana na hiyo kabla hajamaliza kuchora.